Mstari Ulio Karibu na Tangi

Swali la kwanza katika karatasi ya Insha ya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari nchini Kenya, ni la lazima, na kuna miaka ambapo humtaka mtahiniwa aandike ripoti. Anaambiwa ajifanye katibu wa kamati iliyochunguza, tuseme, athari za ukame katika eneo lake. Mtahiniwa hodari anajua la kufanya: kichwa, utangulizi, hadidu za rejea, mbinu za kukusanya habari, matokeo, mapendekezo, na sahihi ya katibu chini kabisa. Kamati haijawahi kukaa. Hojaji hazijasambazwa. Idadi ya ng'ombe waliokufa imetoka kichwani mwake, dakika zikiyoyoma. Akiipanga vizuri kwa maneno yasiyopungua 400 atapata alama zake, na anastahili, kwa sababu kuijua sura ya ripoti nako ni elimu.

Ripoti ninayotaka kuisifia ni nyingine. Huandikwa na kijana wa umri uleule, pengine kwa biro ileile, lakini kamati yake ilikaa kweli chini ya mwembe, na ukame anaousimulia aliupima mwenyewe. Nazungumzia maandishi ya mradi: daftari la kumbukumbu za kila wiki, mahojiano, rasimu zilizokatwakatwa kwa wino mwekundu, na mwishowe faili lenye jalada la manila. Wazazi wengi huliona faili hilo kama njia ya kutafuta alama, likishapita mikononi mwa mwalimu limekwisha. Nimelitazama kwa muda mrefu sasa, na kadiri ninavyolitazama ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba ndani yake mna uandishi mgumu kuliko mwingi tunaoulipia magazetini.

Ngoja niliweke mahali. Ukiteremka kutoka mji wa Embu kuelekea Kiritiri, mibuni hubaki nyuma kidogo kidogo, hewa hupata joto, na macho huanza kukutana na miembe, mashamba ya muguka, kunde, mtama na ndengu. Hii ni Mbeere Kusini. Kaunti ni moja na Manyatta na Runyenjes kule juu, kwenye miteremko ya Mlima Kenya, lakini mvua si moja. Huku mvua huja mara mbili kwa mwaka, Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba, na kila mkulima atakuambia kwamba ile ya Oktoba ndiyo ya kutegemea. Ile ya Machi huja ikipenda. Sasa tazama kalenda ya shule. Mwaka wa masomo huanza Januari na kumalizika Oktoba au Novemba. Mradi wa Kilimo wa mtahiniwa, ule anaoupanda na kuutunza mwenyewe, basi huangukia mvua ya Machi, mvua isiyo na ahadi. Mwanafunzi wa Kiritiri huandika kuhusu hasara mara nyingi kuliko mwenzake wa Runyenjes, na kuandika hasara bila kuipamba wala kuificha ni sanaa yenyewe.

Tuseme wanafunzi watano wamepewa kijishamba nyuma ya maabara, mistari mitano ya ndengu aina ya N26, ambayo hukomaa kwa siku 60 hadi 65. Wanapanda mwishoni mwa Machi, baada ya mvua ya pili. Wiki moja baadaye shule inafungwa kwa likizo ya Aprili. Hapo pana shimo katika daftari, shimo la wiki tatu, na namna wanavyolishughulikia inaniambia karibu yote ninayotaka kujua kuhusu uandishi wao. Kundi jepesi litalijaza shimo kwa kubuni: Jumatatu mvua kidogo, Alhamisi jua kali. Kundi lililofundwa litaandika hivi: "Kuanzia tarehe 3 hadi 26 Aprili hatukuwa shuleni. Habari za siku hizi tumepewa na mlinzi wa shule, ambaye hakuwa na kipimamvua." Kwa sentensi mbili msomaji amejulishwa nani aliona, nani hakuona, na uzito gani auweke kwenye ukurasa unaofuata. Wapo waandishi wazima waliokaa kwenye kazi hii miongo na hawajajifunza kufanya hivyo.

Halafu inakuja rasimu ya kwanza ya matokeo. Kijana wa miaka kumi na sita aliyelelewa kwenye insha huandika anavyojua: "Ndengu zetu zilistawi zikapendeza ajabu, lakini jua kali lisilo na huruma likaziua zote." Si sentensi mbaya. Ina mwendo, ina huzuni yake. Mwalimu anazungushia neno la mwisho duara na kuandika pembeni: Zote?

Wanarudi shambani kuangalia. Rasimu ya pili: "Ndengu zilikauka kwa sababu mvua haikunyesha." Wino mwekundu tena: Haikunyesha kabisa?

Wanafungua daftari. Wanamtafuta mlinzi. Wanabishana. Rasimu ya tatu inatoka imekonda, na ni ya ajabu: "Mvua kubwa ya mwisho ilinyesha katikati ya Aprili, kwa mujibu wa mlinzi. Maua yalianza kutoka tarehe 5 Mei. Kufikia tarehe 14 Mei mistari minne ilikuwa imeangusha maua karibu yote. Mstari wa tano, ulio karibu na tangi, ulibaki na maua."

Naomba msomaji akae kidogo na sentensi hiyo ya mwisho. Haina tamathali. Haina neno gumu hata moja; mtoto wa darasa la nne angeisoma bila kukwama. Lakini angalia ilikotoka. Ilibidi mtu atembee hadi mwisho wa kijishamba, aone jambo lisilolingana na maelezo ambayo kundi zima lilikuwa limekwisha kukubaliana, na akatae kuliacha. Kishawishi cha kuliacha ni kikubwa. Mstari wa tano unaharibu hadithi. Hadithi nzuri ni ile ya jua lililoua zote. Tena unafichua aibu, maana mstari huo uliponea kwa sababu bomba la tangi linavuja, na shule haipendi kuandikwa kwamba bomba lake linavuja. Kuiandika sentensi hiyo kunahitaji jicho, na baada ya jicho, ujasiri mdogo wa kitoto ambao ukitunzwa huwa ujasiri mkubwa.

Na wakishaiandika, inawapeleka mbele. Wanaweka chupa ya nusu lita chini ya bomba na kuhesabu dakika. Inajaa kwa dakika 50. Wanapiga hesabu: lita 14 na kidogo kwa siku. Wakati wa kuvuna, mstari wa tano unatoa robo gorogoro, na mistari mingine minne kwa pamoja inatoa kikombe kimoja. Mradi uliokuwa wa kusimulia ukame sasa umekuwa wa kuuliza jambo ambalo mkulima wa Mbeere angependa kujibiwa: ndengu ikipewa maji kidogo sana, wakati wa maua tu, inalipa? Kisha mmoja wao, kwa mwandiko uleule wa kuinamia kushoto, anaongeza: "Hatujui kama maji yote yaliyovuja yalifika kwenye mizizi ya mstari wa tano. Hatukupima unyevu wa udongo."

Hatujui. Hatukupima. Katika karatasi ya mtihani maneno hayo hayana mahali pa kukaa, kwa kuwa kamati ya kubuni hujua kila kitu. Kwenye faili la mradi ndiyo maneno yanayonifanya niliamini faili zima.

Faili la Kilimo kwa kawaida huandikwa kwa Kiingereza, lugha ya somo lenyewe, na sentensi ninazotoa hapa nimeziweka kwa Kiswahili. Ila hakuna sentensi ya namna hiyo inayozaliwa kwa Kiingereza. Huzaliwa kwenye mabishano, kwa Kimbeere, Kiswahili na lugha ya vijana vikichanganyika, kabla mtu hajashika kalamu. Watu watano wanaoandika sentensi moja ni mateso makubwa. Mmoja anataka "palizi ilifanywa kwa kuchelewa". Wa pili anauliza nani alichelewa. Wa tatu ndiye aliyechelewa, na ananyamaza. Mwishowe wanaandika: "Tulipalilia wiki moja baada ya siku tuliyopanga kwa sababu tulikuwa na majembe mawili." Ile "tu-" ya mwanzo imebeba mambo. Imemficha aliyechelewa asiaibike peke yake, na papo hapo imewafunga wote kwenye kosa lao. Mwalimu mzuri huitafuta. Kauli ya kutendwa ikizidi kwenye faili, ujue kuna kazi ambayo hakuna aliyeifanya.

Mfumaji wa kiondo akiona safu imepinda, hata kama ameshapanda safu kumi juu yake, hufumua hadi pale penye kosa. Vijana hawa hufanya vivyo hivyo na maandishi, na kwa mkono, kwa sababu rasimu zao nyingi ziko kwenye fulskepu na kila marekebisho ni kunakili upya ukurasa mzima. Anayeandika kwa kompyuta hasikii uzito huo. Ukijua kwamba kubadilisha "zote" kutakugharimu prepo nzima ya jioni, na bado ukabadilisha, neno lile jipya umelinunua.

Wazo la kufundisha kwa mradi si jipya, wala halikuletwa na mtaala mpya wa umilisi. William Heard Kilpatrick alichapisha insha yake kuhusu mbinu ya mradi huko New York mwaka 1918. Kwetu, sauti iliyosikika zaidi ilikuwa ya Mwalimu Nyerere, aliyeandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 akitaka shamba la shule liwe sehemu ya masomo, na wanafunzi washiriki katika kuamua nini kifanyike humo. Shule nyingi zilichukua jembe zikasahau daftari. Shamba likawa adhabu ya waliochelewa, na ninasikitika kila nikikumbuka, maana shamba lisiloandikwa halimfundishi mwanafunzi zaidi ya linavyomfundisha kibarua. Kenya nayo imekuwa na maonyesho ya sayansi ya shule kwa miongo mingi, yaliyojulikana kama Science Congress na sasa KSEF, ambako kijana husimama mbele ya chati yake na waamuzi hupima hati aliyoandika, maelezo yake ya mdomo na fikra ya kisayansi iliyo ndani ya kazi, kila moja peke yake. Hati hutangulia. Waamuzi waliozoea huisoma kabla ya kumsikiliza mtoto akijieleza, na wanafanya vyema, kwa sababu mdomo wa kijana mchangamfu unaweza kuziba shimo ambalo karatasi haitaliziba.

Januari 2026 darasa la kwanza la mtaala mpya liliingia Gredi ya 10. Shule za sekondari mwaka 2026 zina Gredi ya 10, Kidato cha Tatu na Kidato cha Nne chini ya paa moja, bila Kidato cha Pili. Na Huduma kwa Jamii sasa ni somo la lazima, yaani kila mwanafunzi, awe wa sayansi, wa sanaa au wa michezo, atalazimika kutoka nje ya lango, kuzungumza na watu, kufanya jambo, na kuliandika. Vifaa vingi havijafika na walimu wengi wameelemewa, hayo yanajulikana. Mimi nimelishika lile neno la mwisho, kuliandika.

Kwa sababu nje ya lango la shule ya Kiritiri kuna mengi ya kuandikwa. Kusini na mashariki unapita mto Tana, na juu yake yapo mabwawa matano ya umeme: Kindaruma la 1968, Kamburu la 1974, Gitaru la 1978, Masinga la 1981 na Kiambere la 1988. Ili Kiambere lijae, familia zilihamishwa. Wengi wa waliohama wakiwa vijana sasa ni nyanya na babu za hawa wa Gredi ya 10. Msichana aliyepewa mradi wa kuandika habari za kijiji chao hana haja ya kusafiri. Anakaa jikoni, daftari gotini.

"Nyanya, mlihama mwaka gani?"

"Baada ya ile njaa kubwa ya themanini na nne, mjukuu wangu. Nilikuwa na mimba ya mama yako mdogo."

Mwandishi mvivu ataandika 1985 aendelee na safari. Aliyefundwa atamwomba mama mdogo kitambulisho chake, atazame tarehe ya kuzaliwa, ahesabu miezi kurudi nyuma, kisha arudi kwa nyanya na kuuliza tena: mimba ilikuwa changa au imekaribia? Mlibeba nini kwanza? Nani alibaki nyuma? Swali la pili, lile la kurudi, ndilo lenye mali. Jibu la kwanza la mzee mara nyingi ni lile analompa kila mtu, limeshalainika kwa kusimuliwa. La pili hulitafuta mbele yako, na unaona macho yake yakitafuta. Hapo ndipo nyanya hukumbuka kwamba walibeba milango. Nyumba iliachwa, milango ikabebwa, kwa kuwa mbao za mukau hazipatikani kirahisi na zile zilikuwa zimepasuliwa na marehemu babu mwenyewe. Kijana akiipata hiyo milango, aiandike tu kama ilivyo, asiieleze. Ndilo jambo gumu kumfundisha mtu wa umri ule: kwamba milango imetosha, na sentensi ya "hili lilionyesha jinsi walivyoteseka" inaweza kufutwa.

Nchi hii ya Mbeere imebahatika kuwa na waliotangulia katika kazi hiyo. H. S. K. Mwaniki alikaa na wazee, akawauliza, akaandika, na mwaka 1973 likatoka The Living History of Embu and Mbeere to 1906, kisha mwaka uliofuata Embu Historical Texts, ambamo maneno ya wazee wenyewe yamehifadhiwa. Bernard Riley na David Brokensha walichapisha mwaka 1988 The Mbeere in Kenya, majuzuu mawili, la pili likiwa la mimea: majina yake kwa Kimbeere na kazi ambayo watu walikuwa nayo kwa kila mmea. Utafiti kama huo hauanzi na nadharia. Huanza na mtu anayemwonyesha mzee jani na kuuliza, hili mnaliitaje? Mwanafunzi wa Kiritiri anayeandika mukau pembeni ya Melia volkensii, na chini yake jina la mzee aliyemwonyesha na siku aliyomwonyesha, ameingia kwenye ukoo huo wa waandishi, hata kama hajapata kuvisikia vitabu vyao. Natamani avisikie. Natamani vikae kwenye maktaba ya shule yake kabla ya vitabu vya marudio ya mitihani.

Kwingineko duniani jambo kama hilo liliwahi kushika moto. Mwaka 1966, Rabun Gap, katika milima ya Georgia kule Marekani, wanafunzi wa sekondari walianzisha jarida la kuandika maarifa ya wazee wao: kujenga nyumba ya magogo, kuhifadhi nyama, kusimulia hadithi. Waliliita Foxfire. Mwaka 1972 makala yao yalikusanywa kuwa kitabu, kikauzwa kwa mamilioni. Nikiyasoma maandishi ya vijana wale, sifa yake ni ileile ninayoitafuta Mbeere: mzee ameachwa aseme, na hatua za kazi zimeandikwa kwa utaratibu kiasi kwamba mtu angeweza kuifanya kazi hiyo kesho kwa kufuata ukurasa.

Lakini mtihani mkubwa wa kalamu ya kijana wa Kiritiri ni muguka, majani ya kutafuna kama miraa. Mei 2024 Gavana wa Mombasa, Abdulswamad Shariff Nassir, alipiga marufuku muguka katika kaunti yake. Kilifi na Taita Taveta nazo zikachukua hatua. Akina mama wa Pwani walikuwa wakilia juu ya watoto wao. Embu wakulima wakalia juu ya riziki yao, na Mahakama Kuu ya Embu ikasimamisha marufuku ya Mombasa na Kilifi kwa muda. Watu wazima wote waliongea wakati huo, kila mmoja upande wake, kwa sauti kubwa. Sasa mpe msichana wa Mbeere Kusini mradi juu ya zao hilo. Karo yake inatoka humo. Akiandika hotuba ya kulitetea darasa litampigia makofi. Akiandika ya kulilaani, atakuwa ameiga ya Pwani. Mwalimu hamtaki atoe hotuba. Anamtaka ahesabu: kilo ngapi, bei gani asubuhi na bei gani jioni, nani huchuma, anayechuma ana umri gani, pesa zinakwenda wapi. Na akishahesabu, aandike anachokijua.

Nadhani anaweza kufika hapa: "Karo yangu ya muhula wa kwanza ililipwa kwa muguka. Kaka yangu hutafuna muguka kuanzia asubuhi, na usiku namsikia akitembeatembea nje." Sentensi mbili, zimekaa jirani. Hakuna "lakini" katikati. Angeweka "lakini", ingembidi achague ipi kati ya hizo mbili iwe na neno la mwisho, na yeye katika nyumba ile hana ruhusa ya kuchagua. Anaishi na zote mbili. Mwalimu anayelijua hilo ataiacha nafasi hiyo wazi, asiijaze kwa wino mwekundu. Nimesoma tahariri nyingi kuhusu muguka na sikumbuki hata moja iliyonibana namna hiyo.

Kuna anayeuliza: na simu je? Simu ya mama, ikiwa na bando, siku hizi huandika ripoti nzima ya ndengu kwa nusu dakika, kwa Kiingereza kisicho na kosa, na mapendekezo juu. Ni kweli, na walimu wameanza kuyaona mafaili hayo. Yanafanana. Yana ukame, yana umuhimu wa kilimo cha kisasa, yana wito kwa serikali na wadau. Hayana mlinzi wa shule. Hayana majembe mawili. Haiwezekani yawe na bomba linalovuja, kwa sababu hakuna aliyekwenda kuliona. Mwalimu akijenga mradi wake juu ya daftari la kila wiki na rasimu zilizotiwa sahihi moja baada ya nyingine, simu haina pa kuingilia, au ikiingia itakuwa ya kusahihisha tahajia, na hiyo siioni kuwa dhambi. Mwalimu akiomba faili la mwisho pekee, amejitakia.

Na mwalimu mwenyewe asisahauliwe. Darasa lenye wanafunzi hamsini, likigawanywa makundi ya watano, ni mafaili kumi. Kila faili likipitia rasimu tatu, ni mafaili thelathini ya kusoma, juu ya masomo mengine, vipindi vingine, na majukumu yote ya shule ambayo hayana uhusiano na uandishi. Kuandika "Zote?" pembeni mwa ukurasa huchukua sekunde moja. Kujua kwamba hilo ndilo neno la kuzungushia duara, kati ya makosa ya sarufi arobaini yaliyoko kwenye ukurasa huohuo, huchukua miaka. Ningemsifia mwalimu huyo kwanza, kama si kwamba yeye mwenyewe angetaka watoto watangulie.

Kinachoniuma ni yanakokwenda mafaili. Yakishatiwa alama hukaa kwenye kabati la ofisi mwaka mmoja, pengine miwili, kisha huchomwa au huenda kufungia maandazi. Yamo humo masimulizi ya watu waliohamishwa Kiambere, ambao wanapungua kila mwaka. Kuna vipimo vya mvua vilivyochukuliwa kwa mkono nyuma ya maabara, Machi baada ya Machi. Kundi la mwaka huu lililoona mstari wa tano lilipaswa kukabidhi swali lake kwa kundi la mwakani: rudia, safari hii pima unyevu, safari hii weka maji kwenye mistari miwili kwa makusudi na mitatu uiache. KALRO, watafiti wa kilimo na mifugo wa serikali, wana kituo Embu, na Chuo Kikuu cha Embu kiko hukohuko. Faili lenye misimu kadhaa mfululizo kutoka shamba moja ni kitu ambacho mtu wa huko angekisoma kwa makini.

Aliyeingia Gredi ya 10 Januari 2026 atakuwa hapo hadi mwisho wa 2028. Ataziona mvua tatu za Machi na mbili kamili za Oktoba, na ya tatu itamkuta kwenye mtihani. Kinachohitajika ni rafu moja katika maktaba, na mtu wa kuandika mwaka na jina la kundi kwenye mgongo wa kila faili kabla halijawekwa.